Anga huria ya Moroko na funzo kwa mkulima

Mkulima akisikia habari za viwanja vya ndege, huona ni mambo ya wakubwa. Moroko inatuonyesha kwamba sivyo.

Desemba 2006 nchi hiyo ilitia saini mkataba wa anga huria na Umoja wa Ulaya. Mashirika ya ndege ya bei nafuu yakamiminika Marrakech, Agadir na Fes, nauli zikashuka. Mwaka 2024 Moroko ilipokea watalii zaidi ya milioni 17. Watalii hao hula mboga, hunywa chai ya mnanaa na kununua viungo, mazulia na mafuta ya argani. Mwenye kibanda sokoni amepata wateja walioletwa na ndege.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Shirika la taifa, Royal Air Maroc, lilibanwa na ushindani, na mwaka 2011 serikali ililazimika kulinusuru kwa fedha za umma. Aidha, nyanya za Moroko huenda Ulaya zaidi kwa malori yanayovushwa kwa meli, kwani mazao ya bei ndogo hayamudu gharama za ndege.

Kwa maoni yetu, kiwanja kisipimwe kwa urefu wa njia ya kurukia pekee. Serikali inayojenga kiwanja haina budi kujiuliza: nauli zitashuka? Hoteli za jirani zitanunua mboga kwa nani? Zikiagiza kutoka nje, mkulima atabaki kutazama ndege zikipita juu ya shamba lake.