Tundu Katika Barafu Lamhusu na Askari

Ndugu wapiganaji na askari polisi, wengi wetu hatutaiona bahari iliyoganda maisha yetu yote. Kwa hiyo hatukushangaa afisa mmoja kijana alipotuuliza kwa nini mtu wa nchi isiyo na bahari apoteze saa yake kwa habari za barafu ya ncha za dunia. Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu hapa.

Katika bahari za ncha, hata wakati wa baridi kali, hubaki mahali ambapo maji yako wazi huku barafu imeyazunguka. Warusi walipaita polinia, na jina hilo limeshika duniani kote. Wanamaji wa vita walipafahamu mapema: mwezi Agosti 1958 nyambizi ya Marekani iitwayo Skate, ikipita chini ya barafu ya Aktiki, iliibukia katika nafasi za namna hiyo. Kwa nahodha wa nyambizi, polinia ni mlango.

Kwa mtaalamu wa bahari ni zaidi ya mlango. Pwani ya Antaktika, upepo ushukao kutoka bara husukuma barafu changa baharini. Maji yabakiayo wazi huganda tena, nayo barafu hiyo husukumwa tena, usiku na mchana, kama kiwanda. Barafu ya bahari ifanyikapo huacha nyuma chumvi yake. Maji yenye chumvi nyingi na baridi ni mazito, huzama hadi sakafuni, kisha hutambaa polepole mpaka vilindi vya Bahari ya Hindi. Basi asemaye kwamba mambo haya hayana njia ya kufika kwetu na apime tena neno lake.

Ziko polinia nyingine zifungukazo mbali na pwani, maji ya uvuguvugu yapandapo kutoka chini. Iliyo mashuhuri ilionekana katika Bahari ya Weddell. Miaka ya 1974 hadi 1976 setilaiti ya Marekani, Nimbus-5, yenye chombo kisichozuiwa na giza la miezi ya baridi, iliona maji wazi ya kiasi cha kilomita za mraba 250,000, yaani kama Uganda nzima, maziwa yake yakiwamo. Kisha tundu hilo likatoweka. Mwaka 2014 wataalamu kadhaa walitoa hoja kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kumezidisha maji matamu juu ya bahari ile, yakawa kifuniko kizuiacho joto la chini lisipande. Lakini mwaka 2016 na 2017 tundu likafunguka tena, dogo kuliko la kwanza, juu ya mlima wa chini ya bahari uitwao Maud Rise. Maboya yaeleayo, pamoja na sili waliobandikwa vipimo kichwani, walileta habari: chumvi ya juu iliongezeka, na dhoruba kali zikayavuruga maji.

Hoja ya 2014 haikutupwa siku ile, wala haikutangazwa mshindi. Watu waliendelea kupima. Sisi tuandikao taarifa twaona mara nyingi kinyume chake: kila mafuriko ni tabianchi papo hapo, au, kwa upande wa pili, tabianchi ni hadithi ya Wazungu. Doria iletayo taarifa za namna hiyo ingeua watu.

Na huko kwenye barafu watu wamo. Kati ya Greenland na Canada iko polinia kubwa ambayo Wainuiti huiita Pikialasorsuaq, ambako huwinda tangu kale. Huwapo kwa sababu daraja la barafu katika mlangobahari wa Nares huzuia barafu ya kaskazini isishuke. Mwaka 2007 daraja hilo halikufanyika, na baadhi ya miaka iliyofuata lilivunjika mapema. Mwindaji atokaye na mbwa wake hutaka kujua kama barafu itambeba leo.

Twapendekeza, basi, katika somo la ramani, makadeti wetu wapewe picha za setilaiti za Bahari ya Weddell, ya 1974 na ya 2017, na waulizwe kwanza wanaona nini, kabla ya yeyote kuwaambia sababu.