Kabla ya kununua mbuni, tumjue mbuni



Juma hili tulitaka kuendelea na somo la uji wa mtoto anayeacha ziwa. Litangoja. Siku ya posho iliyopita, kisha kuhesabu feza ya likelemba, wamama wa kikundi kimoja walituonyesha karatasi yenye picha ya ndege mrefu, shingo tupu na miguu kama ya ngamia. Mtu aliyewaletea karatasi hiyo aliwaambia hivi: kila mama atoe sehemu yake, watanunuliwa watoto wa mbuni, watachungwa mbali na mji, na yeye mwenyewe atarudi kununua kila mtoto atakayeanguliwa. Mama mmoja akatuuliza: «Mwalimu, ninyi munafundisha watoto wetu masomo ya nyama na ndege. Huyu ndege ni wa kweli? Anaweza kuishi hapa Kamina?»

Feza inayongojewa ni ile ya minervali ya mwezi wa tisa. Kwa hiyo hatukutaka kujibu haraka. Tulifungua daftari zetu za zamani na vitabu vya masomo, na haya ndiyo tunayoweza kuwaambia.

Ndege wa kweli, lakini si wa pori letu

Mbuni ni ndege wa kweli, na ni mkubwa kuliko ndege wote walio hai. Dume aliyekomaa hupita urefu wa metre mbili, na uzito wake hufika kilo 100 hadi 150. Haruki, sababu mabawa yake ni madogo kwa mwili huo, na mfupa wa kifua chake ni bapa: hauna ule ukingo tunaouona kwenye kifua cha kuku, mahali nyama ya kurukia inaposhikamana. Nguvu yake yote imeshuka kwenye miguu. Ana vidole viwili tu kila mguu, na akikimbia anaweza kufika kilometre 70 kwa saa. Hakuna baiskeli ya Kamina itakayomfuata.

Watoto wa kalasi hutuuliza kila mwaka kama anaficha kichwa ndani ya mchanga. Hapana. Akiogopa na hana mahali pa kukimbilia, hulala chini na kunyoosha shingo juu ya udongo ili adui asimwone. Tena huinamisha kichwa ndani ya kiota kugeuza mayai. Mtu akitazama kwa mbali anafikiri kichwa kimezikwa.

Sasa, nyumbani kwake ni wapi? Mbuni wa pori wanaishi Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na wengine wanaishi Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Katikati ya makundi hayo mawili kuna ukanda mrefu wa miombo, na sisi tumo ndani yake. Katika miombo mbuni wa pori haonekani. Yeye ni ndege wa mahali pakavu na peupe, ambapo macho yake makubwa yanaona adui akiwa bado mbali. Hapana mkono wa mtu uliomkataza kuja kwetu. Ni miti, nyasi ndefu na mvua.

Hatusemi kwamba hawezi kuishi hapa. Ndani ya uzio, kwa chakula na uangalizi, watu wanamfuga hata Ulaya kwenye baridi. Lakini mnyama anapotolewa kwenye nchi yake, kile ambacho nchi ile ilimpa bure, mwenye kumfuga atakilipa. Hapo ndipo hesabu yetu inaanza.

Baba analalia usiku

Yai moja la mbuni lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, karibu sawa na mayai 24 ya kuku. Hulaliwa siku 42, wakati kuku wetu hulalia 21. Jike mwenye rangi ya vumbi hulalia mchana ili asionekane. Dume mweusi hulalia usiku, naye haonekani gizani. Watoto wakianguliwa, baba hutembea nao na kuwafunika kwa mabawa yake jua likiwa kali. Tunaomba wamama wasome mstari huu kwa sauti wakati wababa wako nyumbani.

Feza hufia kwa mtoto

Karatasi ile ilionyesha ndege mkubwa tu. Mkubwa ni mgumu kweli: anaweza kuishi miaka 30 na kupita. Lakini mtu hauziwi mkubwa, anauziwa mtoto, na mtoto wa mbuni ni dhaifu sana. Wafugaji wenye ujuzi, wenye majengo na veterineri karibu, bado hupoteza wengi katika miezi mitatu ya kwanza. Kuna mashamba yanayopoteza nusu.

Sababu zake ni hizi. Ya kwanza ni baridi na unyevu. Katika juma la kwanza anahitaji joto la digri 30 hivi, na mahali pakavu. Fikirini mwezi wa kwanza hapa kwetu, mvua inapiga bati mchana na usiku. Ya pili ni kitovu: mtoto huanguliwa akiwa bado na kiini cha yai tumboni, na uchafu ukiingia kupitia kitovu, kiini kinaoza naye anakufa. Ya tatu ni miguu. Anaongezeka urefu karibu sentimetre 30 kila mwezi, na akikua kwenye sakafu inayoteleza, au akilishwa sana bila kukimbia, mguu unapinda. Mbuni mwenye mguu uliopinda haponi. Ya ine ni tumbo. Mbuni humeza vijiwe vya kusaga chakula, kama kuku, lakini mtoto mwenye woga humeza kila kitu: mchanga, misumari, vipande vya nyaya, nyuzi za mfuko. Tumbo linaziba.

Tena magonjwa ya kuku ni yake pia. Newcastle, ule ugonjwa unaofagia kuku wa lupango nzima, unampata. Homa ya ndege vilevile: mwaka 2011 iliingia katika mashamba ya mbuni ya Afrika Kusini, maelfu wakauawa ili isienee, na nchi za Ulaya zikafunga mlango kwa nyama yao mbichi.

Kumshika si kazi ya mtoto

Mbuni hupiga teke mbele, si nyuma kama punda, na kidole chake kikubwa kina ukucha unaoweza kupasua tumbo la mtu. Wenye kazi hiyo hawasimami kamwe mbele yake. Huja kwa upande, watu wawili au watatu, wakimshika bawa na mkia, na kumvisha kichwani kifuko cheusi kama soksi. Akiacha kuona, anatulia. Hawamfukuzi mbio, sababu akijigonga kwenye uzio na kuvunja mguu, kazi imeisha. Na dume wakati wa kupanda jike, mdomo na miguu yake ikigeuka myekundu, hata anayemlisha kila siku haingii kwake bila fimbo ndefu. Katika lupango zetu, watoto wanapocheza kila pembe, wapi pa kumweka?

Hesabu ya chakula

Tufanye hesabu kama kalasini. Mbuni mkubwa hula kilo mbili hivi za chakula kila siku. Tushushe, tuseme kilo moja na nusu. Kwa mwezi ni kilo 45. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 540, ni kusema karibu mifuko 11 ya kilo 50, kwa ndege mmoja. Jike hataga kabla ya miaka miwili, na mara nyingi ni mitatu. Mtoto hula kidogo zaidi mwanzoni, lakini hata tukipunguza, kabla ya yai la kwanza jozi moja itakuwa imemaliza mifuko mingi ya mahindi na mboga ambayo nyumba nyingi hapa hazipati kwa watoto wao.

Halafu kuna swali la soko. Feza ya mbuni inatoka kwa ngozi, nyama na manyoya. Nani hapa Kamina anatengeneza ngozi ya mbuni? Huko Oudtshoorn, Afrika Kusini, walianza kumfuga katika karne ya 19, na mwaka 1913 manyoya yake yalikuwa bidhaa ya ine kwa kuuzwa nje ya nchi ile, nyuma ya dhahabu, almasi na sufu. Mwaka uliofuata, mtindo wa kofia ukabadilika na vita ikaanza, bei ikaanguka, na wafugaji wengi wakafilisika. Ndege walikuwa wazima. Mnunuzi ndiye aliyekosekana.

Karatasi kama ile imeonekana pengine

Uingereza, katika miaka ya 1990, kampuni moja iliyoitwa Ostrich Farming Corporation iliuzia watu mbuni waliokuwa wakichungwa Ubelgiji. Mnunuzi hakupeleka ndege nyumbani. Alipata karatasi, na ahadi ya faida kubwa kila mwaka. Mwaka 1996 serikali iliomba ifungwe, na watu zaidi ya 2,000 walipoteza feza yao. Hao walikuwa watu wa nchi yenye benki na mahakama karibu. Mpango wa namna hiyo hulipa wa kwanza kwa feza ya wanaoingia nyuma, na siku watu wapya wanapokosekana, wa mwisho hubaki na karatasi.

Hatusemi kwamba mtu aliyekuja kwetu ni mwizi. Hatumjui. Tunasema aulizwe, na haya ndiyo maswali:

1. Ndege wako wapi? Twende wamama watatu tukawaone, tukawahesabu.
2. Karatasi ya veterineri iko wapi? Ndege wa kutoka nchi ya nje havuki mpaka bila hiyo.
3. Watoto wangapi walianguliwa mwaka jana, na wangapi waliishi hadi miezi mitatu?
4. Wakifa, hasara ni ya nani?
5. Nani ananunua, wapi, na tunaweza kuzungumza naye?

Kama analo jibu la kila swali, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, kikundi kitaamua. Kama anakasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu. Sisi kwa upande wetu tungeacha feza ya minervali katika sanduku.

Yale tunayoweza kuanza leo

Somo la mbuni halikupotea bure. Kile kinachoua mtoto wa mbuni ndicho kinachoua vifaranga wetu wa kuku na bata, na hao tunao tayari. Basi tufanye hivi:

Mahali pa vifaranga pawe pakavu, juu kidogo kuliko udongo, mvua isiingie. Chini tutandike mfuko wa zamani au nyasi kavu, si plastiki inayoteleza. Tuokote misumari, nyaya na nyuzi. Joto tulijue kwa macho: wakijikusanya pamoja na kulia, wanasikia baridi, wakitawanyika mdomo wazi, joto limezidi. Mbabula isiachwe ndani ya nyumba iliyofungwa, sababu moshi usioonekana wa makala huua vifaranga, na huua watu waliolala. Maji yawe safi, katika chombo kisicho na kina. Na chanjo ya Newcastle tuitafute pamoja, mtaa mzima kwa siku moja, sababu chupa moja inatosha kuku wengi, na lupango moja isiyochanjwa inaweza kuleta ugonjwa kwa zote.

Kazi ya juma hili: kila mama aandike, au amwombe mtoto wake amwandikie, vifaranga wangapi walianguliwa kwake tangu mvua kuanza, na wangapi wako wazima leo. Leteni daftari siku ya posho. Tukiona tumepoteza nusu ya vifaranga wa kuku, tutajua kabla ya kulipa franka moja kama tuko tayari kulea mtoto wa mbuni.

Juma lijalo tutarudi kwenye uji. Mukae na amani.