Nani Kasema Roboti Si za Ngara?

Taja pale Ngara mjini au kwenye njia panda ya Nyakanazi kwamba kijana wa kijiji cha jirani anataka kusomea uhandisi wa roboti, tena katika nchi tatu, na jibu utalijua kabla halijatoka. Hayo ni mambo ya Wazungu. Asome ualimu au uuguzi, apate ajira serikalini, amsaidie mama yake. Anayejitia upole ataongeza kuwa elimu hiyo ni nzuri sana, ila ni ya watoto wa matajiri wa Masaki, Dar es Salaam, na hata kijana akiipata, Biharamulo atarudi kufanya nini?

Maneno haya husemwa kwa sauti ya busara, na watoto huyasikiliza. Yamejengwa juu ya madai mawili, na yote mawili ni mabovu.

Dai la kwanza ni fedha. Wanaolitoa hawajasoma masharti. Tangu 2004 Umoja wa Ulaya umekuwa ukigharimia shahada za uzamili za Erasmus Mundus, zinazoendeshwa na vyuo vya nchi mbalimbali kwa pamoja. Katika uwanja wa roboti, programu ya EMARO iliviunganisha vyuo vya Nantes nchini Ufaransa, Genoa nchini Italia na Warsaw nchini Poland. Baadaye ikazaliwa JEMARO, iliyokiongeza chuo kikuu cha Keio cha Japani. Ipo pia IFRoS, ya roboti zinazofanya kazi nje ya kiwanda, kwenye maji, angani na mashambani. Hiyo inahusisha Girona ya Hispania na Zagreb ya Kroatia. Kuhama nchi ni sehemu ya masomo yenyewe, kwa sababu kila chuo hufundisha kile kinachokiweza zaidi. Anayepata ufadhili halipi ada, na kwa utaratibu ulioanza 2021 hupewa euro 1,400 kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu kwa mwezi, na mzazi mwenye migomba na kahawa kule Rulenge hatakiwi kuchangia hata senti. Kinachotakiwa ni shahada ya kwanza yenye alama nzuri, hisabati iliyoiva na Kiingereza cha kutosha. Ushindani ni mkali, hilo halifichiki. Lakini hakuna mahali kwenye fomu panapouliza baba ana magari mangapi.

Wala si lazima kuanzia Ulaya. Chuo kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi lake Kigali, lililoanzishwa 2011, linalotoa shahada za uzamili za uhandisi wa umeme na kompyuta kwa vijana wa Afrika nzima. Kutoka Rusumo, mpakani na Rwanda, hadi Kigali hazifiki kilomita 200. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,200. Msemaji wa Kihangaza husikilizana na Mrundi na Mnyarwanda bila mkalimani, na masoko ya mpakani ameyazoea tangu utotoni. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo huambiwa kuwa kusoma ng'ambo ya mpaka si kwa watu kama yeye.

Dai la pili, kwamba huku hakuna kazi ya roboti, linachekesha zaidi. Madereva wa malori wanaoteremka Rusumo kwenda Kigali hupita Kayonza. Hapo, tangu 2018, kampuni ya Zipline ina kituo cha kurusha ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu na dawa hospitalini na kuzidondosha kwa parachuti. Pale Rusumo penyewe pana mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Huko Kabanga, wilayani Ngara, kuna hazina kubwa ya nikeli, madini ya betri, ambayo Tembo Nickel ilipewa leseni kubwa ya kuichimba mwaka 2021, serikali ikiwa na hisa za asilimia 16. Ni mradi wa mgodi wa chini ya ardhi. Anayetaka kujua migodi ya aina hiyo inaelekea wapi na autazame Syama nchini Mali, ambako malori yanayojiendesha yaliingizwa kubeba mawe chini ya ardhi. Biharamulo nayo ina dhahabu ya Tulawaka, iliyokuwa mikononi mwa wageni hadi shirika la madini la taifa, STAMICO, lilipoichukua mwaka 2013 na kuunda STAMIGOLD. Kampuni ya umma hiyo. Mafundi wake watoke wapi?

Sheria ipo upande wa kijana. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wawekezaji kuwapa Watanzania kipaumbele cha ajira na kuwa na mpango wa kuwarithisha nafasi zinazoshikwa na wageni. Nafasi hairithiwi na asiye na ujuzi wake.

Watasema wanaokwenda hawarudi. Wapo wasiorudi, kweli. Ila mbona hata mwalimu aliyesoma Dar es Salaam akipangiwa Biharamulo huanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua sanduku? Hatujawahi kuufunga ualimu kwa sababu hiyo.

Kizuizi halisi kipo karibu kuliko Nantes. Kipo kwenye sekondari ya kata ambayo mwanafunzi wake anasoma fizikia kwa kuchora saketi ubaoni, hajawahi kushika waya wala mota. Huyo hatafika kwenye fomu ya ufadhili, hata ingekuwa rahisi namna gani. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii kwa makubaliano na halmashauri. Madiwani wa Ngara na Biharamulo, mpango huo ukifika mezani msiugongee mhuri kabla hamjauliza maabara za fizikia zimetengewa shilingi ngapi.