Urithi Waliokubaliana Wote Nyumbani

Mwezi huu tunaomba ruhusa tuziweke kando habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya mali ya nyumba, hasa ile sehemu ndogo ambayo familia huamua kuwapa watoto wasiokuwa wake.

Lililotusukuma ni jambo la kanisani kwetu. Alikuwako mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwa miaka mingi aliwalipia karo watoto saba mayatima. Hakutaka kutangazwa. Alikuwa akienda shuleni mwenyewe, analipa, anachukua risiti, anarudi dukani kwake. Mzee huyo alifariki mwezi wa Aprili, na muhula wa pili ulipofunguliwa watoto wale walirudishwa nyumbani.

Kamati ya akina mama ilituteua watu watatu tukawaone wana wa marehemu. Walitupokea vizuri, tukaandaliwa chai na mkate, lakini mkubwa wao alituambia wazi kwamba hawakuwahi kusikia habari hiyo. Katika daftari la duka zile fedha walizikuta zimeandikwa miongoni mwa madeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameachiwa duka linalodaiwa, wadogo wanne, na mama mjane. Tulipomgeukia yule mama, aliinamisha kichwa. Katika watoto saba, yeye aliwajua wawili tu.

Tulitoka pale tumekasirika, na tukiri kwamba njiani tuliwasema vibaya wale vijana. Siku nyingi zilipita ndipo tukaona kwamba tuliwaonea. Mtu atauendelezaje wema ambao hakuambiwa habari zake?

Iko familia moja ya Uholanzi ambayo habari zake tungependa muzisikie pamoja na hizo za mzee wetu. Bernard van Leer alizaliwa mwaka 1883, na mwaka 1919 alianzisha kampuni yake ya vifungashio. Kampuni hiyo ilikuja kujulikana mno kwa mapipa ya chuma, yaani namna ya yale mapipa ya mafuta ambayo sisi huku huyasugua vizuri tukayatumia kukingia maji ya mvua. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Wajerumani walipoiteka nchi yao mwaka 1940 ilimbidi aiachie kampuni, na mwaka 1941 wakakimbilia Marekani. Vita vilipokwisha alirudi, akaanza kujenga tena. Mwaka 1949 alianzisha wakfu wenye jina lake, na alipofariki mwaka 1958 mali yake ilikwenda huko.

Hapa tusipite upesi. Mzee van Leer alikuwa na mke, Polly, na wana wawili, Wim na Oscar. Hao wote walikubali kuiachia haki yao ya kurithi, ili kampuni iwe mali ya wakfu. Dada, wewe na sisi tumezika wazee wangapi? Tumeona ndugu waliotoka tumbo moja wasiosalimiana hata kanisani, kisa ni ng'ombe wawili na robo eka ya shamba. Wenzetu hawa waliiachia kampuni nzima, na waliiachia wakijua wanachokiacha.

Kisha ikaja zamu ya Oscar. Baba alikuwa akisaidia mambo mengi ya namna mbalimbali, na mwana angeweza kuendelea hivyo hivyo, akatoa huku na huku bila kujali sana kitakachoonekana mwishoni. Lakini katikati ya miaka ya 1960 Oscar aliuelekeza wakfu kwa watoto na vijana ambao hali ya nyumbani au ya mtaa wao inawazuia kukua kadiri ya vipawa walivyozaliwa navyo. Baba aliacha fedha, mwana akazitafutia kazi. Aliishughulikia kazi hiyo miaka mingi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1996.

Mmoja wa miradi ya mwanzo ulikuwa Jamaica, mwaka 1966, ukiongozwa na mwalimu mmoja wa huko aitwaye Dudley Grant. Kule kulikuwa na shule nyingi za watoto wadogo zilizoanzishwa na wananchi wenyewe, aghalabu katika kumbi za makanisa, zikifundishwa na wanawake wenye moyo lakini wasio na mafunzo. Mradi haukuwaondoa wanawake wale. Uliwafundisha wakiwa kazini pale pale.

Msomaji wa Kenya bila shaka ameanza kutabasamu, kwa sababu hali hiyo ni yetu kabisa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 akina mama wa vijijini walijenga nasari kwa harambee: huyu kaleta mabati, yule kaleta miti, mwingine anapika uji. Mwalimu alikuwa msichana wa kijiji aliyemaliza shule ya msingi, na mshahara wake ulitoka mifukoni mwa wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakfu wa van Leer ulishirikiana na taasisi ya serikali ya elimu pale Nairobi katika mradi wa elimu ya chekechea. Kutokana na kazi hiyo kilianzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, kisha vikafuata vituo vya wilaya.

Sisi tunaoandika haya ni mavuno ya nasari hizo. Mwaka 1986 tulikuwa tukikaa kwenye mabenchi ya kanisa, miguu ikining'inia, tukihesabu vizibo vya soda na magunzi ya mahindi. Mwalimu wetu alikuwa akitoweka kila Aprili, Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Sisi tulidhani anakwenda kwao kulima. Kumbe alikuwa akihudhuria mafunzo ya miaka miwili, yaliyopangwa wakati wa likizo ili darasa lisikose mtu. Kila aliporudi alikuja na kitu kipya: wimbo, hadithi ya sungura kwa lugha yetu ya nyumbani, au mwanasesere wa majani ya migomba. Na kila muhula alikuwa akitupanga mstari mmoja kwenda zahanati kupimwa uzito. Leo tukiwa wauguzi tunaona thamani ya jambo hilo. Mwalimu wa nasari aliyefundishwa vizuri hutuletea mtoto mwenye kikohozi kabla mama hajakiona kuwa ni ugonjwa.

Hata hivyo tusiseme kwamba kila kitu kilikuwa asali. Mafunzo yalikuja, lakini mshahara ulibaki mikononi mwa wazazi, na wazazi tunajijua. Mwaka 1989 mwalimu wetu huyo aliacha kazi akaenda kuuza mitumba sokoni, baada ya miezi mitano bila malipo. Ujuzi wake wote ukaenda naye kwenye kibanda cha nguo. Twamkumbuka mama yetu mzazi akisema kwa aibu kwamba naye alikuwa na deni la miezi miwili. Fedha za mfadhili zilikuwa zimefika karibu sana na mlango wetu, lakini shilingi chache zilizobaki zilitegemea sisi, nasi hatukuzitoa.

Kampuni ya mapipa iliuzwa mwaka 1999, na wakfu ukaendelea kwa fedha zilizopatikana. Mwaka 2016 ulianzisha mpango unaowataka viongozi wa miji waitazame mitaa yao kwa kimo cha sentimita 95, yaani kimo cha mtoto wa miaka mitatu mwenye afya. Tuliposoma hayo tulicheka peke yetu kliniki, maana alama hiyo tunaijua vizuri kwenye ubao wetu wa kupimia urefu. Ukichuchumaa hapo ukatazama barabara ya sokoni kwetu, unachokiona ni magurudumu ya bodaboda na mtaro usiofunikwa.

Turudi kwa wale watoto saba. Kanisa lilipata wafadhili wa watatu. Mwana mkubwa wa marehemu, bila kushurutishwa na mtu, alichukua mmoja. Watatu bado, na mmoja kati yao, msichana wa darasa la saba, sasa anauza karanga stendi. Tunapita pale kila tukienda zamu ya usiku.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, baada ya chakula, sisi na mzee wetu tuliwaketisha watoto wetu wote wanne. Tuliwaambia jambo ambalo hatukuwahi kuwaambia: kwamba kodi ya chumba kimoja kati ya vile vitatu tunavyopangisha haiingii nyumbani, bali hulipa karo ya watoto wawili. Tulitaja majina ya watoto hao na shule zao, tukaonyesha bahasha yenye risiti. Tulitaka kujua kama wangekubali chumba hicho kibaki hivyo hata sisi tutakapokuwa hatupo.

Wadogo wawili walisema ndiyo mara moja, lakini hao wangesema ndiyo kwa lolote siku ya pilau. Wa pili aliuliza ni kiasi gani kwa mwezi. Kifungua mimba wetu, ambaye yuko chuoni na anajua bei ya kila kitu, alinyamaza muda mrefu.

"Mama," akasema, "na nisipokubali?"

Baba yake alitaka kumjibu, tukamshika mkono. Tulimwambia binti yetu kwamba swali lake ni halali, na kwamba tumempa hadi Pasaka alifikirie. Risiti tumeziacha juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu anaweza kuzifikia.