Shemeji anapiga biti usiku, mtoto amelala (sehemu ya 6)

Mama zangu, tunaendelea. Jana mdogo wangu mmoja kaniandikia pembeni: mumewe anatengeneza biti za singeli nyumbani. Chumba na sebule, sabufa iko juu ya meza, na kitanda cha mtoto wa miezi 3 kiko hatua mbili tu. Anauliza, "Nesi, nimwambie aache?"

Mie nasema asiache. Huenda muziki huo ndio utawalipia kodi. Ila kitanda kihame leo, sabufa izimwe mtoto akilala, na shemeji anunue hedifoni. Kwenye kununua ndipo wengi tunaharibu, na mimi wa kwanza.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anakaa kwangu, anajifunza kinanda. Nikamnunulia hedifoni kwa kuangalia bei na besi. Muuzaji kaweka wimbo, besi ikagonga, nikalipa. Kufika nyumbani, zinambana kichwa kama koleo. Nusu saa tu masikio yanauma. Akawa anazisogeza nyuma apumue kidogo, sauti inavuja, anaongeza. Anasogeza tena, anaongeza tena. Asubuhi moja ananiambia, "Dada, sikio linalia nziii tangu jana." Kwa nesi mzima! Nilijisikia vibaya, acha tu.

Ndiyo maana mtu akiniambia hedifoni ya kukaa vizuri ni anasa, nabisha. Isiyobana unaisahau kichwani, na inayofunika sikio lote inapunguza kelele za feni na za jirani, hivyo huna sababu ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4. Kwa wiki nzima, jamani! Mpiga biti anazimaliza usiku mmoja. Na zile seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Sasa dukani. Avae dakika kumi nzima, asione haya. Mwenye miwani aende nayo, mwenye kilemba au rasta avae vilevile alivyo. Sikio liingie lote ndani ya mto, lisikandamizwe. Kwa joto la Dar, mito ya kitambaa haitoi jasho kama ya ngozi bandia. Achukue zilizofungwa nyuma, maana zile za wazi zinamwaga sauti nje na mtoto ataamka. Na ziwe za waya. Za Bluetooth ni tamu kwa kusikiliza, lakini ukibonyeza kinanda sauti inachelewa kidogo, biti haikai.

Kama wewe mama ndiye unayerekodi, subiri awepo wa kumwangalia mtoto. Hedifoni nzuri zitakuficha kilio chake. Na tafadhali, msimvalishe kichanga hedifoni zenye muziki ati apigwe picha.

Mlio wa mdogo wangu uliisha siku ya pili. Wenu usipoisha, njooni mpimwe. Mtu akiamka ghafla sikio moja halisikii, ni hospitali siku hiyohiyo, msisubiri Jumatatu.

Wewe uliyeniandikia, nijibu basi: kitanda umekihamishia wapi?