Tiketi ya pamoja Nairobi: Nani hasa anaokoa pesa?

Likizo ikikaribia, makundi ya WhatsApp pale Kawangware huanza kujaa mipango. “Wasee, twendeni Nairobi Park.” Kila mtu anaitikia mpaka pesa itajwe, kisha kimya.

Safari hii kimya hicho kina sababu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza ada mpya za kuanzia Oktoba 1, 2025, baada ya takriban miaka 18 bila mabadiliko. Mkenya mtu mzima aliyekuwa akilipa Sh430 kuingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi akapangiwa Sh1,000, naye mgeni wa kutoka ng’ambo akatolewa dola 43 hadi 80. Waandalizi wa safari za kitalii walikimbilia mahakamani kupinga.

Thao moja kwa kijana wa kibarua si mchezo. Ndiyo maana tiketi ya pamoja inavutia: unalipa mara moja, unaingia mbugani, Safari Walk na kituo cha wanyama mayatima. Vyote viko penye lango kuu, Barabara ya Lang’ata, na jumla yake ni nafuu kuliko kulipia kimoja kimoja.

Lakini nafuu kwa nani? Mbuga ile ina ukubwa wa kilomita mraba 117, na simba wamo. Hauingii kwa miguu kama unaenda sokoni. Lazima uwe na gari, nalo gari lina ada yake kando. Safari Walk na kituo cha mayatima, kwa upande mwingine, unatembea tu. Kwa hivyo ukishuka matatu pale langoni bila mpango wa gari, ukanunua kifurushi kizima kwa sababu kina punguzo, umelipia simba ambaye hutamwona. Afadhali ununue sehemu moja ya kutembea, ubaki na pesa ya chipsi.

Mambo hubadilika mkiwa kundi. Mkichanga mkakodi van, kila kiti kikiwa na mtu, kifurushi kinaleta maana. Hata hapo angalieni saa. Wanyama huonekana vizuri alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mkiondoka Kawangware saa nne kwa sababu mmoja wenu alikuwa anapiga pasi, hesabu yote imeharibika.

Pale Museum Hill hesabu ni rahisi. Makumbusho ya Taifa yana tiketi inayojumuisha Bustani ya Nyoka, na zote ziko kwenye uwanja mmoja. Hakuna gari la kukodi. Ile mimi ningenunua bila kuuliza mara mbili. Ila kumbuka makumbusho si ya KWS, kwa hivyo kifurushi cha Lang’ata hakikufikishi huko. Nairobi haina tiketi moja ya jiji zima kama ile ya London, na hata London kwenyewe British Museum huingiwa bure. Wauzaji wa tiketi hizo za siku kadhaa wanajua miguu itachoka kabla orodha kuisha.

Kuna pia nauli. Kutoka Kawangware unapanda 46 hadi tao, kisha 125 au 126 kuelekea Lang’ata, halafu urudi vivyo hivyo. Mvua ikinyesha, makanga wanapandisha. Punguzo la tiketi linaweza kuishia mikononi mwao.

Basi andika kwanza sehemu ambazo ungelipia hata kama hakungekuwa na punguzo. Jumlisha bei zake kwenye eCitizen, weka nauli na gari, ndipo ulinganishe na kifurushi. Malipo ni ya simu, na mara nyingi mtu mmoja hulipia wote kisha akawafukuzia wenzake wiki mbili. Kusanyeni kabla. Na kila mmoja abebe kitambulisho, kwa sababu bei ya raia hupewa anayeonyesha kuwa ni raia.