UTI sugu, au tiba sugu?

Nimerudi kampasi jana jioni kutoka nyumbani Zinga (kwa wasiopajua: barabara ya Bagamoyo, ukishapita Bunju, Mapinga na Kerege), na kabla sijaanza kuwachosha na habari za ratiba mpya ya masomo, nina jambo la moyoni. Linahusu mkojo. Mwenye kucheka acheke sasa hivi, akimaliza tuongee kama watu wazima.

Hivi mmeshagundua kwamba siku hizi kila mtu ana UTI? Homa, UTI. Mgongo unauma, UTI. Tumbo chini ya kitovu, UTI. Ikirudi mara ya pili inapandishwa cheo, inaitwa UTI sugu. Pale nyumbani nimesoma matangazo kwenye nguzo za umeme mpaka nikachoka: mtu mmoja, namba moja ya simu, anatibu UTI sugu, fangasi sugu, nguvu za kiume na biashara isiyoenda. Yote hayo kwa chupa moja!

Msimamo wangu nausema mapema ili nisiwazungushe. Hilo jina "UTI sugu" linatudanganya. Linamwambia mgonjwa kwamba mwili wake ndio wenye kasoro, wakati mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha ni mdudu gani anayetibiwa, au hata kama huyo mdudu yupo. Ugonjwa ukirudi, swali la kwanza lisiwe "nipewe dawa gani kali zaidi?" Liwe "je, mkojo wangu umewahi kuoteshwa?"

Mimi mwenyewe ni mfano. Ndani ya miezi sita nilitibiwa mara tatu. Dalili zile zile: mkojo unaunguza kama umepakwa pilipili, unakimbilia chooni yanatoka matone mawili, kinena kinavuta. Mara ya kwanza sipro. Mara ya pili azithromaisini ikisindikizwa na Flagyl. Mara ya tatu sindano za seftriaksoni, siku tano, nikawa darasani nakaa upande upande. Dozi zote nilimaliza. Mama alikuwa ananipigia simu kwa saa za dawa, hata ningetaka kukwepa nisingeweza. Kila mara napata nafuu wiki mbili tatu, kisha hao wanarudi. Na kila mara kipimo kilikuwa kile kile: mkojo kwenye kikopo, subiri dakika ishirini, karatasi inarudi imeandikwa seli za usaha kadhaa, haya nenda dirisha la dawa.

Mara ya nne nikakutana na daktari, mama wa makamo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, leo sikuandikii dawa mpaka nijue tunampiga nani." Akaagiza mkojo uoteshwe. Majibu yalitoka siku ya tatu: E. coli, na mbele yake orodha ya dawa. Septrin haimuwezi. Amoksilini haimuwezi. Sipro haimuwezi, na hata zile sindano nilizovumilia hazimuwezi. Nitrofurantoini inamuweza. Hiyo ni dawa ya vidonge, ya zamani, imeanza kutumika miaka ya 1950. Nikaimeza siku tano. Miezi mitano imepita, kimya.

Sasa sikieni ya mwenzangu wa chumbani, na ameniruhusu kuisimulia. Naye alikuwa na "UTI sugu" tangu sekondari. Naye kameza kila kitu. Alipooteshwa mkojo, hakuota mdudu yeyote. Daktari akamuuliza amekulia wapi. Kwenye mashamba ya mpunga, bonde la Ruvu. Akaambiwa alete mkojo mwingine, lakini wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, manake mayai ya kichocho hutoka kwa wingi muda huo. Yakaonekana. Alikuwa na kichocho cha mkojo, na dawa yake ni prazikwanteli, siyo antibayotiki. Huyo mnyoo alitambuliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz kule Cairo mwaka 1851, na sisi watu wa Pwani tunaishi naye miaka yote, lakini mtu anaweza kumaliza antibayotiki za duka zima asimguse.

Watu wawili, chumba kimoja, jina moja la ugonjwa, magonjwa mawili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema jina hilo linatudanganya.

Kwa wale wasio wa sayansi, acha nieleze kidogo. Seli za usaha ni askari wa mwili. Kuziona kwenye mkojo maana yake kuna vurugu mahali, siyo lazima awe bakteria wa kibofu. Inaweza kuwa klamidia au kisonono, inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa ute wa ukeni tu umeingia kwenye kikopo kwa sababu hakuna aliyekuambia ujisafishe kwanza, uache mkojo wa mwanzo upite, ukinge wa katikati. Kuotesha ni kitu kingine. Mkojo unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unawekwa kwenye joto, unasubiriwa siku moja au mbili. Kikiota kitu, kinatambuliwa jina, halafu kinawekewa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayomuweza inaacha duara safi pembeni yake. Isiyomuweza, bakteria wanaota mpaka ukingoni kama majani ya mvua za masika. Hakuna uchawi wala kubahatisha hapo.

Na siyo mimi na mwenzangu tu. Kuna utafiti mkubwa unaitwa HATUA, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania (kwetu ilikuwa Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro). Walichukua mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokuja na dalili za UTI. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yanaonyesha kwamba vimelea vilithibitishwa kwa kama theluthi moja tu. Na kwa hao waliokuwa nao kweli, sehemu kubwa ya bakteria walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Mnaona hiyo picha? Wengi wanameza dawa wasiyoihitaji, na wanaoihitaji wanapewa isiyofanya kazi.

Kwa watoto nako vivyo hivyo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Waliokutwa na UTI ni karibu 6 tu kati ya kila 100. Wengi walikuwa na virusi, ambavyo antibayotiki haivifanyi lolote. Mkumbuke hilo siku mdogo wako akipata homa na mtu akasema "UTI hiyo" kabla hata ya kumgusa.

Sasa usugu wenyewe unatoka wapi? E. coli anaishi tumboni mwako, ni mpangaji halali. Kila antibayotiki unayomeza, hata ya mafua, inapita kwake. Wanyonge wanakufa, wanaobaki ni wale wenye silaha, na ndio wanaozaliana. Siku wakipanda kwenye njia ya mkojo wanapanda na silaha zao. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitahadharisha juu ya jambo hili mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liligawa antibayotiki kwenye makundi, na sipro, azithromaisini na seftriaksoni ziko kundi la kuangaliwa kwa makini, siyo za kugawa kama karanga. Hizo tatu ndizo nilizopewa mimi, kwa zamu! Mwaka 2019 peke yake, watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu. Kwa hiyo siyo suala la kuwashwa tu jamani.

Najua mtakachosema. "Dada, wewe unaongea kisomi. Kuotesha kunachukua siku tatu, mimi nina tesiti kesho. Na hiyo hela iko wapi?" Hoja hiyo ina nguvu, siipuuzi. Mimi mwenyewe kipimo kilimega boom langu vizuri tu, na mtu aliyeko Zinga inambidi apande gari kwanza kufuata maabara inayoweza kazi hiyo. Ndiyo maana sisemi kila mtu aoteshwe kila mara. Msichana mzima wa afya, mara yake ya kwanza, dalili ziko wazi, anaweza kutibiwa bila kuotesha, na miongozo ya tiba inaruhusu. Lakini ikirudi? Madaktari wanahesabu kuwa inajirudia ukiipata mara mbili ndani ya miezi sita au mara tatu ndani ya mwaka. Ukifika hapo, piga hesabu yako vizuri: mimi sipro, azithromaisini, sindano, nauli na vipindi nilivyokosa vilinigharimu zaidi ya kile kipimo kimoja. Bei ya kubahatisha ndiyo kubwa, ila tunailipa kidogo kidogo kwa hiyo hatuioni.

Na kusubiri siyo kwa kila mtu. Ukiwa na homa kali, kutapika, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, au una ujauzito, usikae chumbani kusubiri majibu. Nenda hospitali, toa mkojo wa kuotesha kwanza, kisha uanze dawa siku hiyo hiyo. Majibu yatakuja kurekebisha. Na kaka zangu, nyie UTI kwa umri wetu siyo kawaida kabisa, kwa hiyo ukiambiwa unayo, mwombe daktari atafute zaidi.

Halafu kuna hili la aibu. Msichana akisema ana UTI, wenzake wanaguna: mchafu, au "anazurura". UTI siyo ugonjwa wa zinaa. Bakteria ni wako mwenyewe, njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na iko jirani na njia ya haja kubwa, basi. Tendo la ndoa linaweza kuwasukuma ndani, hata kwa mke wa mtu aliyetulia nyumbani kwake. Na vile vyoo vya hosteli tunavyovilaumu, havituambukizi kwa kuvikalia. Vinatuumiza kwa njia nyingine: vikiwa havina maji tunabana mkojo kutwa nzima, na tunaogopa hata kunywa maji tusije tukahitaji kwenda. Aibu hiyo hiyo ndiyo inayotupeleka kwa mzee wa kwenye nguzo ya umeme, na kwenye sabuni za kuoshea ukeni ambazo zinaua bakteria wazuri wanaotulinda.

Mnataka dawa ya bei rahisi? Maji. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wanapata UTI mara kwa mara na wanakunywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa siku. Ndani ya mwaka waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Karibu nusu imepungua, bila kidonge! Ongeza hapo kwenda haja ndogo baada ya tendo na kutobana mkojo. Bibi yangu Zinga anasisitiza madafu, nami sibishani naye, kinywaji ni kinywaji, lakini dafu halitamtoa E. coli mwenye silaha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza kwako msomaji: weka kumbukumbu. Andika kwenye daftari tarehe, kipimo na jina la dawa kila unapotibiwa, na ikirudi mwonyeshe daktari ukurasa huo, umwombe aoteshe. Kwa adabu, lakini umwombe. Kwenye duka la dawa, ukiulizwa "nikupe ya elfu tano au ya elfu kumi?" jua hapo unauziwa bahati nasibu. La pili kwa serikali yetu ya wanafunzi: kila uchaguzi mnatuahidi intaneti. Safari hii nendeni mkaombe kituo cha afya kiwe na utaratibu wa kupeleka mkojo kuoteshwa, kwa gharama ambayo bima italipa, na maji yatoke vyooni. Hiyo ndiyo ajenda ya kunipatia mimi kura.

Nimemaliza. Wenye maoni tofauti karibuni, hasa wa udaktari, mnirekebishe nilipoteleza. Mimi nakwenda kujaza chupa yangu ya maji kabla hayajakatika.